Msusi na Mke wa Diwani

Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha. Wa kulia nywele zilisimama wima kama zimetishwa. Msusi aliharakisha. Saa tano mke wa diwani alitakiwa mahakamani kwa shauri la talaka, na saa nne ilishapita.

"Hebu nisomee tena pale pa nyumba," alinong'ona mke wa diwani.

Msusi aliinua taulo mezani, akatoa kijitabu cha sheria ya ndoa kilicholowa mafuta ya nywele. Kila mteja aliyelalamika juu ya mumewe alisomewa. Yeye mwenyewe alitoka kwenye ndoa ya miaka kumi na minne na mfuko mmoja wa nguo, tena akashukuru hakupigwa. Baadaye sana ndipo alipojua kuwa hata kupika na kulea huhesabiwa jasho, mchango wa mke katika mali.

"'Mali iliyochumwa pamoja…'"

Mlango ukasukumwa. Akaingia afisa wa manispaa, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Leseni, na askari wawili nyuma yake.

"Wewe, hapa unasuka au umefungua mahakama?"

"Nasuka, baba. Leseni ile pale ukutani."

"Hiyo ya kusuka. Ya kuvunja ndoa za watu iko wapi?" Alikichukua kijitabu, kisha akamgeukia mteja. "Mama, mheshimiwa anakusalimu. Anasema mkayamalize nyumbani."

Vidole vya msusi vilishika mafungu matatu ya nywele, visijue viendelee au viachie.

"Niache nimalize kichwa, baba. Nusu saa tu."

"Tokeni. Na ukimsukia nje, hiyo ni biashara bila kibali."

Mlango ukatiwa kufuli na kubandikwa karatasi. Kando ya barabara, mke wa diwani alijaribu kuzilaza nywele kwa kiganja. Zikagoma.

"Wakiniuliza mchango wangu, nisemeje? Nikumbushe, shoga, yote yamenitoka."

Msusi alifungua mdomo. Hatua tatu mbele, Bwana Leseni alikuwa akipekua kijitabu taratibu, macho kwa msusi.

"Mimi msusi tu, dada. Hayo siyajui."

Mke wa diwani akaondoka mbiombio kuelekea mahakamani, vijana wa duka la jirani wakimcheka kichwa.

"Umesema vizuri," alisema Bwana Leseni. "Kesho njoo ofisini, tuone habari ya kukufungulia."

"Ahsante, baba," msusi akajisikia akisema.