Ufunguo wa Pili wa Kabati la Mofini

Kabati la mofini, dawa kali ya maumivu, katika wodi yetu lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja hukaa kwa daktari wa usingizi, wa pili kwangu mimi muuguzi. Mmoja peke yake haufungui kitu.

Mzee mmoja, fundi mwashi, alikuwa ameshakatwa vidole vya mguu, lakini kidonda kikazidi kupanda. Sasa mguu ungekatwa kwa awamu mbili: leo kwenye kifundo, na usaha ukishakauka, chini ya goti. Bila awamu ya pili sumu ingemmaliza. Alikubali kwa sharti moja.

"Kwa vidole tu nililia kama mtoto mbele ya binti yangu," aliniambia. "Nikilia tena, sirudi chumba cha upasuaji."

Daktari akamwahidi kumchoma ganzi kwenye mishipa ya fahamu ya mguu, na kuichanganya na mofini kidogo ili imfikishe asubuhi. Mzee akacheka.

"Changanya vizuri, daktari. Ukinipunja saruji, ukuta utaniangukia mimi."

Saa saba mchana nilivuka uwanja kwenda chumba cha maombi, kumwombea yeye. Huko huzima simu. Sipendi kumsubirisha Mungu. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Nyuma yangu, mgonjwa aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akakutwa na homa, mzee akatangulizwa. Walinitafuta hadi wakachoka. Daktari akachoma ganzi tupu.

Ganzi hiyo ilikwisha saa kumi na mbili jioni badala ya asubuhi. Mofini niliyokuja kumpa ilichukua muda kufanya kazi, na muda wote huo binti yake alisimama mlangoni, akisikia.

Mzee alipotulia nilimweleza ukweli. Hakunigombeza. Aliniuliza tu niliomba nini.

"Niliomba usiumie, mzee wangu."

"Siku nyingine, mwanangu, fungua kwanza, ndipo uombe."

Siku ya awamu ya pili alikataa. Binti alipiga magoti, daktari akaahidi upya, nami nikauweka ufunguo kitandani pake. Aliurudisha kiganjani mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake. Kisha akatia dole gumba kwenye fomu ya kukataa, akaomba avalishwe shati.

Bado naomba kila saa saba. Ufunguo humwachia mwenzangu. Nikifika kumtaja mzee katika sala, maneno hunikauka.