Zamu ya Kulia

Kwenye mlango wa jiko la Mama Tabea, Kimandolu, ilibandikwa karatasi ya zamu: kufagia, kupika, kuosha vyombo. Wanachuo watatu kutoka nchi jirani walipanga hapo: Nosim wa Narok, Derick wa Mbale na Prosper wa Gitega. Derick alifika hajui kwamba sufuria husuguliwa na nje pia.

Mwezi wa tano mama yake Prosper alifariki. Pasipoti ya Prosper ilikuwa ofisi ya chuo tangu Februari, ikisubiri kibali cha kuishi nchini, kwa hiyo mazishi yakampita. Akaacha kula. Mitihani ilibaki wiki tatu, na siku ya kumaliza msiba huko kwao wiki nne.

"Huyu mtoto atatuzimikia," alisema Mama Tabea, akimenya ndizi za shambani kwake mlimani. "Si mna zamu? Uandikeni humo na huo msiba, tugawane."

Nosim akaandika "kulia" chini ya "kuosha vyombo".

Jumatatu, katikati ya kipindi cha somo la kodi, Nosim alianza kumlilia mwanamke asiyewahi kumwona. Mhadhiri akauliza nani amefiwa.

"Prosper, mwalimu. Ila leo ni zamu yangu."

Mhadhiri akampa pole, akaendelea na kodi.

Jumanne Derick alilia mpaka fulana ikalowa, kisha akampigia simu mama yake mwenyewe, ambaye kijana huyo hakuwa amemtafuta tangu Krismasi. Jumatano ilikuwa ya Mama Tabea, aliyelia kwa Kirundi, lugha asiyoijua hata salamu. Alhamisi na mwisho wa wiki walipokezana hao watatu; Prosper alibakiwa na Ijumaa tu. Siku nyingine alikula, akasoma, na mitihani akaimaliza yote. Ukweli usemwe, vijana wale walikuwa watu kwelikweli.

Kila Alhamisi Prosper alikwenda ofisi ya chuo. "Bado iko kwenye mchakato," karani, Mzee Sifaeli, alimjibu kwa upole. "Njoo wiki ijayo."

Jumamosi ya kumaliza msiba, saa saba mchana, wote wanne walikuwa mezani wakilia bila zamu, machozi yalipowakauka kwa pamoja. Huko Gitega wageni walikuwa wakiagana.

"Nilitaka niwasindikize mwenyewe wageni wa mama," alisema Prosper.

"Hilo hatukuliweza," alisema Derick. Akainuka kuosha vyombo, ingawa haikuwa zamu yake, akaisugua sufuria ndani na nje.

Nosim alifuta "kulia", akaandika "kufuatilia pasipoti". Jumatatu ilimwangukia Derick.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kwa ajili ya Prosper."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Sifaeli. "Wiki ijayo."