Maji Safi ya Chotara

Mke wangu alipokwenda ng'ambo kufanya kazi ya unesi, aliniachia mabeseni saba uani na maneno matatu: maji safi tu. Ningejua maneno hayo yataniponza, ningemshika mkono pale pale mlangoni anieleze vizuri. Lakini gari lilikuwa linapiga honi, na mimi nilikuwa nimeshajifanya mwanaume asiyelia.

Ndani ya kila beseni mna vyungu vya plastiki vilivyosimama kwenye maji ya kina cha vidole viwili, juani kutwa nzima. Mimea yenyewe ina majani ya ajabu. Kila jani hujikunja likawa mtungi mrefu mwembamba wenye kifuniko. Inzi hufuata utamu wa ukingoni, huteleza, na habari zake huishia humo. Majirani waliiita walainzi. Mke wangu aliiita watoto, na kwa kuwa hatukujaliwa wa kwetu, hilo sikuwahi kulifanyia mzaha, ingawa mimi ni mtu wa kutania hata misibani.

Mingi aliinunua. Mmoja aliutengeneza mwenyewe: alichukua chavua ya mtungi mrefu mweupe kwa brashi ndogo, akaipaka kwenye ua la mtungi mfupi mwekundu, akapanda mbegu zilizopatikana. Mche mmoja tu ulisalimika. Siku anaondoka, chotara huyo alikuwa na urefu wa sindano ya mkono.

"Ataonyesha rangi yake akishakua, labda mwaka wa pili au wa tatu," aliniambia. "Nataka kuiona kwa macho yangu, Fundi. Mkataba wenyewe ni miaka miwili tu."

Basi maji safi. Mwanamke huyu nimemsikia miaka kumi na moja akiwafundisha akina mama kliniki: maji safi ni yale yaliyochemshwa, yakachujwa, yakafunikwa. Nyumbani kwetu hata maji ya kusukutua yalipita jikoni kwanza. Mimi nikajua wajibu wangu. Kila asubuhi, kabla sijagusa cherehani, nilijaza sufuria kubwa kutoka bombani, nikachemsha, nikachuja kwa kitambaa cha melimeli, nikayaacha yapoe, nikamwagilia. Lile pipa lake chini ya mfereji wa paa, lililokuwa na viluwiluwi vya mbu, nililimwaga, nikalisugua, nikalifanya la kuwekea vipande vya vitambaa. Nilijiona mume bora kuliko wote mtaani.

Mwaka wa kwanza mvua zilinyesha karibu kila wiki na mimea ikanawiri. Nilimtumia picha nyingi. Nikishazituma nilikaa na simu mkononi nikisubiri neno lake, na neno likija nililisoma mara nne. Nilimkosa kiasi kwamba nilikuwa nikishona nguo za wateja wa kike nakadiria mabega kwa mabega yake, nikaharibu magauni mawili. Hayo yote sikumwambia. Alipouliza, "Wakitaka kuniongezea mkataba, utasemaje?" nilimjibu, "Kazi ni kazi." Nilidhani ndivyo mume mwelewa anavyosema. Tena niliona aibu kumbembeleza mtu kwa simu.

Mwaka wa pili kiangazi kikakaza. Mitungi ikaanza kukauka kuanzia vifunikoni. Nikaongeza bidii, nikachemsha mara mbili kwa siku. Chotara, ambaye sasa alikuwa na urefu wa kiganja changu, akageuka rangi ya karatasi ya kaki, na vichipukizi vyake vikawa vinakufa kabla ya kufunguka. Mke wangu akiomba picha, nilimtumia za zamani. Miezi minne nilifanya hivyo. Kila nikituma nilijiambia wiki ijayo atapona, nitatuma ya kweli.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa sayansi, mteja wangu, siku alipokuja kupunguziwa suruali. Alitoka kwenda uani kujipima kwenye mwanga, akachutama mbele ya beseni la chotara, akakwangua kwa ukucha ukoko mweupe ulioganda kwenye ukingo wa chungu.

"Fundi, hawa unawapa maji gani?"

"Safi. Nachemsha mwenyewe."

"Ya bomba?"

"Sasa nichemshe ya wapi?"

Alinitazama kwa huruma ambayo hainipendezi. "Ukichemsha unaua vijidudu. Chumvi haifi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki pale pale. Hawa kwao ni kinamasini, wamezoea mvua tupu. Mkeo hakuwa na pipa la kukingia mvua?"

Nilitazama pipa lililojaa vipande vya vitambaa. Mwalimu akaniachia suruali yake na kuondoka zake taratibu.

Mawingu hayakuwapo hata ya kusingizia. Mwalimu alinitumia ujumbe baadaye: maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yanafaa, hayana chumvi. Kiyoyozi cha karibu ni cha duka la dawa. Nikaenda na ndoo.

"Fundi, bomba lako limekatwa?" mwenye duka akaniuliza.

"Maji ni ya mgonjwa."

"Mgonjwa gani anakunywa maji ya kiyoyozi?"

"Anakula inzi pia."

Akanionyesha yanapodondokea. Siku tatu nilikwenda na kurudi, nikammwagia chotara kwa juu mpaka maji yatoke chini, nikamwaga yaliyotoka, nikarudia. Wiki ya pili palitokea kichipukizi kimoja kwenye shina, kimefumbata. Kilikuwa hai, lakini kufunguka bado. Niliona siwezi kuendelea kumdanganya mtu kwa sababu ya kichipukizi, nikampigia Jumapili mchana, saa yake ya mapumziko.

"Sista," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita, kama wagonjwa wake, "mwanao nimekaribia kumuua. Nilichemsha maji. Nikachuja kwa melimeli."

Akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa sijausikia mcheko huo tangu aondoke. Halafu ukakatika ghafla.

"Kwa hiyo ulikuwa unamwagilia."

"Kila asubuhi."

"Kila asubuhi," akarudia polepole. "Fundi, nilijua picha ni za zamani. Nyuma ya mimea kuna shuka lile lile la maua kwenye kamba. Shuka gani halianuliwi miezi minne? Nikasema mume wangu amechoka. Ameiacha ikauke, anaona haya kuniambia. Na wewe mdomoni mwako sijawahi kusikia neno nirudi. Kila siku kazi ni kazi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimesaini tena. Mwaka mmoja. Wiki tatu zilizopita."

Nilikaa juu ya ndoo. Kabla ya wiki hizo tatu nilikuwa na karibu miaka miwili ya kusema lolote. Nilikuwa na maneno ya kutaniana na kila mpita njia, na yeye, mtu ninayemtamani kuliko wote, nilimpa maneno ya bosi. Uani kwa jirani kulikuwa na watu wanaanua nguo. Nikaona wacha wasikie.

"Rudi," nikasema.

Nilitazama simu nikidhani imekatika, lakini sekunde zilikuwa zinakwenda.

"Mkataba siwezi kuuvunja," akasema mwishowe.

"Najua. Ukiisha, rudi. Nyumba siiwezi bila wewe."

"Sema tena."

Jirani alikuwa amesimama na shati mkononi, ananisikiliza waziwazi. Nikasema tena, na sikupunguza sauti.