Nililaza Nyasi, Ukafukia

Naapa, na mkono uko kifuani: nimeuona moshi ukisimama juu ya Ziwa Nyasa bila moto chini yake. Unainuka majini mweusi, mrefu kuliko mnara wa kanisa, unayumba, unatembea. Ukikufikia unakuta si moshi, ni wadudu, kungu, laini kuliko majivu, wanaingia puani, wanaingia masikioni, wanaingia hata katikati ya sala. Ndani ya moshi huo nilimuua mtu. Nilimuua kwa ajili yako, Gertruda.

Ni kweli tupu. Nikiwa nimeongeza chumvi hata ya kuonja, basi nihukumiwe kulaza nyasi peke yangu kwenye mteremko mzima, kutoka juu kwenye mibuni mpaka chini kijitoni, na mgongo wangu huu huu wa kustaafu. Nimeapa. Sasa nisikilize.

Siku zile kahawa ya Litembo ilikuwa na mnunuzi mmoja, chama. Utake usitake, gunia lako lilipita mikononi mwangu mimi Edmund, mpanga magunia wa ghala. Hapakuwa na mlango mwingine. Nami nikadhani na moyo ndivyo ulivyo: una ghala moja, mlango mmoja, na aliyekaa mlangoni ni mimi.

Ulikuja na gunia kichwani, mjane mchanga mwenye shingo ndefu. Ulilitua. Ukashusha pumzi. Wenzangu walisema gunia lilikuwa zito. Wangejua nini, wale? Pumzi ile niliijua. Kisha ukaniambia, "Shikamoo, baba," na mimi nikasikia yote yaliyojificha nyuma ya hilo "baba". Nikaitikia marahaba kwa sauti iliyotetemeka, ukaondoka haraka. Aibu ya mapenzi, Gertruda. Nilikuelewa.

Kwetu milimani mapenzi hayaandikwi, yanalimwa. Mwanamume hukata nyasi, huzilaza mistari kwa mistari, ikatane kama ukili wa mkeka. Mwanamke huja na jembe, huchota udongo wa kati, huzifukia nyasi, na pale alipochota hubaki shimo, ngolo. Shimo baada ya shimo mpaka mlima mzima unakuwa sega la nyuki, na mvua ikija inalala humo badala ya kukimbia na udongo wetu. Mume analaza, mke anafukia. Hata kipofu akipapasa shamba anajua hapa pana nyumba.

Basi Jumapili moja ya Machi, kengele inaita, watu wote wamekwenda misa, nikatoroka na nyengo yangu ya kukatia nyasi mkononi nikapanda kwako. Ukungu ulikuwa umeukalia mlima kama kuku atamiaye. Sikuiona miguu yangu. Nilikata nyasi kwa kusikia zinavyolia. Jumapili iliyofuata nikarudi, ukungu ule ule, nikalaza. Huko bondeni wanaimba Utukufu, huku juu mimi nimepiga magoti mbele ya nyasi. Mungu aamue nani alisali zaidi.

Na wewe ukafukia.

Nilikuona. Nilisimama nyuma ya migomba, ukungu ukafunguka kidogo kama pazia, nikakiona kitenge cha bluu cha akina mama wa parokia, kile chako. Nikaona jembe linapanda, jembe linashuka. Hukuuliza nyasi ni za nani. Hukupiga yowe. Ulifukia, tena ukiimba. Nikalia pale pale migombani. Mwanamume akilia siku ya arusi yake, kuna ubaya gani?

Nililaza nyasi, ukafukia. Padri angeongeza nini hapo?

Halafu wakafungua soko. Redio ilisema ni huru sasa, kila mwenye mizani na anunue. Ghala letu likabaki na popo. Nami nikabaki na mikono miwili isiyo na gunia, mapenzi makubwa, na mchana mrefu.

Akaja Wendelin, kijana wa Songea, ana meno mengi, ana kofia ya majani, ana pikapu, na ndani ya pikapu kuna muziki. Alisimamisha gari mbele ya uchaga wako wa kuanikia kahawa, akaning'iniza mizani kwenye mti.

"Mama Gertruda, kahawa yako inanukia hata haijakaangwa!"

"Acha uongo wako, we mtoto. Pima."

Na ukacheka. Mimi nilikuwa hapo ng'ambo ya njia, nimeshika jani la mgomba, na kicheko chako kikanipitia juu ya kichwa kikaenda kutua kwake. Gertruda, mke wangu! Uliuza mchana kweupe kwa mnunuzi mwingine!

Kwanza nilimsalia afe. Nilimfungulia novena, sala ya siku tisa, nikawasha mshumaa, nikamtaja jina ili huko juu wasimkosee. Novena ilipokwisha alikuwa amenenepa.

Nikaona niende mwenyewe.

"Bwana Wendelin," nikamwambia, "unahangaika na visado vya huku, wakati Chiwanda kahawa inaozea majumbani."

"Chiwanda? Kule ziwani?"

"Kule kule. Wanawashia moto."

Mtoto wa mjini. Angemuuliza hata mbuzi wa Mbinga angeambiwa kwamba kahawa inataka baridi ya huku juu, na kule chini ni mihogo, mpunga na jua la kukaanga mawe. Hakuuliza mbuzi. Macho yalimwaka, akaniambia, "Panda, mzee wangu." Tukateremka zile kona mpaka Mbamba Bay, yeye anaimba na redio yake, mimi nachagua upande wa ziwa wa kumzika.

Tukaazima mtumbwi wa kutufikisha Chiwanda. Mwenyewe alitutazama tunavyoupanda, akacheka mpaka akakaa chini mchangani. "Wakubwa, msiache ufuko," akasema. "Huyo mzee anashika kasia kama jembe." Ni kweli nililishika kama jembe. Ningelishikaje tena? Tukapakia mizani, tukaenda, na ziwa lilikuwa tulivu, la bluu, la bluu ya kitenge chako, Gertruda, nikaona hiyo ni ishara.

Ndipo moshi ukaja.

Uliinuka mbele yetu, ukatufunika. Sikumwona Wendelin. Sikuona maji. Nilivuta pumzi nikameza kungu, nikakohoa kungu, nikafumba macho nikawaona kungu hata huko ndani. Nikasema, sasa. Kwa ajili yako, sasa. Nikanyoosha mkono, nikasukuma. Chubwi!

Kisha kimya. Kisha moshi ukatembea zake, ukaenda kumfunika mtu mwingine. Katika mtumbwi nilikuwa peke yangu. Wendelin hayupo. Mizani haipo. Kofia yake ya majani inaelea, inazunguka taratibu, kama inanitafuta.

Nilipanda mlima nusu kwa lori, nusu kwa miguu, nikitazama kiganja changu. Kiligusa mgongo? Au kiligusa wadudu? Mgongo wa mtu una joto, kungu nao wana joto lao. Nilikuwa muuaji au nilikuwa mtu aliyekohoa? Kila kona nilijibu hivi, kona iliyofuata nikajibu vile. Jambo moja tu halikuyumba: nililaza nyasi, ukafukia.

Nikakukuta uchagani unageuza kahawa.

"Mke wangu," nikasema, "nimemaliza."

"Mke wa nani? Umemaliza nini, baba Edmund?"

"Wendelin. Yuko chini ya ziwa. Sasa tuko wawili tu."

Ulipiga ukelele hata kahawa ikaruka kutoka uchagani. Nikadhani ni furaha. Ni kweli tupu, nilidhani ni furaha, mpaka shemeji yako Mzee Meinrad alipotokea na vijana wake wakanishika mikono.

Walinipeleka senguni, pale uwanjani kwa Mzee Meinrad ambapo wanaume wa ukoo hula pamoja na kumaliza maneno yao. Ugali ulikuwa umeshapakuliwa. Maji ya kunawa yalizunguka, mkono kwa mkono, yakafika kwangu, yakanipita. Pale mtu anaweza kutukanwa na bado akala. Asiyepewa maji ameshahesabiwa na marehemu.

"Edmund," akasema Mzee Meinrad, "umeua?"

"Nimeua, mzee. Lakini kwanza tuzungumze habari ya mke wangu."

"Wewe tunakupeleka polisi kesho, huko kuna kamba inakungoja, halafu unatuletea habari ya mke?"

"Kamba nitaivaa. Nivisheni nikiwa mume wa mtu."

Nikasimama. Nilivyosema mbele ya wazee wale, sijawahi kusema vile tena. Niliwauliza nani kati yao alijenga nyumba bila kulaza nyasi. Niliwauliza kama mke anajulikana kwa pete au kwa udongo wa kucha. Nikasema: Machi nililaza nyasi za mwanamke, akazikuta asubuhi, hakuuliza, hakurudisha, alifukia, akapanda maharage, akayala. Kama hiyo si ndoa, nikasema, basi humu hakuna aliyeoa, na watoto wenu wote ni wa barabarani.

Wazee wakatazamana. Mmoja akaacha kutafuna.

"Maneno yana uzito," akasema Mzee Meinrad polepole. "Muuaji ni muuaji, lakini maneno yana uzito. Aliyezikuta nyasi akafukia, amekubali. Sengu inakubali hivyo?"

Wakakubali. Wakaguna wote pamoja. Ningekufa siku ile ningekufa nimeshinda.

Na wewe, Gertruda, ukasema kwa sauti ndogo, "Lakini mimi mwaka huu sikulima ngolo. Upande wangu wote nimepanda miche ya kahawa."

Nilitaka kucheka. Nilitaka kukaa. Ukungu wote wa Machi ulinirudia kichwani. Na kabla sijajua nifanye lipi, honi ikalia barabarani, muziki ukaingia uwanjani, na nyuma ya muziki akaingia marehemu, ameungua jua, begani ana gunia linalonuka samaki.

"Shikamooni wazee! Na huyu hapa, mzee wangu Edmund, shikamoo! Mungu akupe maisha marefu!"

Hakuna aliyeitikia marahaba. Mzee mmoja alifanya ishara ya msalaba.

"Kahawa Chiwanda haipo hata ya dawa," akaendelea Wendelin, "lakini dagaa, wazee wangu! Dagaa wanatandazwa ufukoni kama mchanga, hakuna wa kuwapandisha huku. Bila huyu mzee ningeyajulia wapi?" Akanikumbatia. Akaeleza alivyofika ufukoni, na hapo sikumsikia vizuri, masikio yangu yalikuwa bado yamejaa kungu.

Ndipo Notburga akaweka chini chungu cha mboga.

Unamjua Notburga? Mjane wa jirani yako, Gertruda, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita mtu aliye bonde la pili. Alikuwa ameleta maharage ya senguni akasimama kusikiliza. Amevaa kitenge cha bluu cha akina mama wa parokia.

"Hilo shamba," akasema, "ni lile lililoshikana na migomba, juu ya kijito?"

"Ndilo," nikasema.

"Hilo langu. La Gertruda ni la ng'ambo. Nilidhani jumuiya imenionea huruma, nikafukia huku naimba nyimbo za shukrani. Hata haya maharage mnayokula ni ya humo." Akafuta mikono kwenye kitenge. Akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni, kama mtu anayenunua jembe. "Basi, wazee. Sengu imeshasema. Alilaza, nikafukia."

Kicheko kilichopigwa pale kiliwaamsha kuku. Wendelin alikalia gunia lake la dagaa akilia machozi. Wewe pia ulicheka, Gertruda, na safari hii kicheko kilitua kwangu mimi hasa. Mimi nilifungua mdomo nikatafuta neno la kuyavunja maneno yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeyajenga vizuri mno.

Mzee Meinrad akainua mkono.

"Mleteeni bwana arusi maji ya kunawa."

Hayo ni ya zamani, Gertruda. Leo nimeyaandika, na kwa kuwa nyumba ni moja na sauti yangu ni kubwa, nimemsomea Notburga. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Rudia pale pa mtumbwi."

"Nikanyoosha mkono, nikasukuma. Chubwi."

"Wendelin mwenyewe alinisimulia. Aliteremka kwa miguu yake, maji yalimfika magotini, akatembea ufukoni. Alikuacha umekumbatia kasia, umefumba macho, unamlilia mama yako."

"Na ile chubwi?"

"Mizani. Uliipiga teke."

Nilitazama kiganja changu. Miaka yote hii kilikuwa cha muuaji. Nilikuwa nimekizoea.

"Na kule mwanzo," akasema mke wangu, "uliapa nini vile?"

Akainuka, akachomoa nyengo kutoka darini, akanipa upande wa mpini.

Asubuhi hii ya Machi moshi umesimama tena, mweupe, juu ya mlima, na sasa chini yake kuna moto: jiko la Notburga, na chungu juu yake. Ukungu umeufunika mteremko mzima, kutoka kwenye mibuni mpaka kijitoni, na mteremko mzima ni wangu, nimeupata kwa kinywa changu. Mgongo unalia. Nyasi zinalia. Nyuma yangu jembe linapanda, jembe linashuka, na mtu anaimba.

Nalaza nyasi, Notburga. Fukia.

Na safari hii, kabla ya kulaza mstari wa pili, nimegeuka nikaangalia ni nani.