Kreni Zisimame kwa Verdell

Tangu zamani bandarini Savannah, kando ya mto huko Marekani, mwendesha kreni akifa, gari la maiti lilipitishwa mbele ya geti la gati, na kreni zote zikasimama mpaka lipite. Hakuna aliyeamuru. Wenzake waliliona kutoka juu, wakaondoa mikono kwenye mitambo.

Sasa huko juu hakuna mtu. Kreni zinajiendesha, na waliokuwa waendeshaji wanalipwa posho kila mwezi wakae nyumbani, kwa sharti kwamba wao na watu wao wasikanyage tena gatini. Verdell Mobley alikaa kibarazani akizitazama kutoka mbali, siku baada ya siku, mpaka moyo wake ukachoka.

Odessa, mjane wake, alikwenda ofisini kwa kampuni ya bandari kuomba kreni zisimame kidogo siku ya mazishi. Bwana wa kampuni alimpa pole, akaeleza kwamba mitambo haisimamishwi kwa ajili ya misiba. Kisha akamtuliza: posho ya marehemu sasa itakuja kwake. Odessa alitoka bila kuaga.

Siku ya mazishi walipofika getini, kreni zilikuwa zinanyanyua makontena kama kawaida. Odessa alimwambia dereva wa gari la maiti asimame, akashuka. Thurman, aliyefanya kazi na Verdell tangu ujana wao, akamshika mkono.

"Shemeji, ukivuka hapo posho imekwenda."

"Si wewe uliyesema zikiona mtu zinasimama?"

"Zinasimama. Zinaogopa kesi, siyo Mungu."

Odessa akavua viatu vyake vya kanisani, akamkabidhi. "Basi nishikie hivi. Angalau upate kazi."

Akainama chini ya kizuizi cha malori, akatembea katikati ya njia ya mitambo. Taa nyekundu zikawaka. Kreni ya karibu ikaganda, kontena likining'inia hewani, kisha ya pili, kisha zote mpaka mtoni. Kipaza sauti kikamwamuru atoke. Hakugeuka.

Thurman alivitazama vile viatu, akatukana, akaviweka chini, naye akainama chini ya kizuizi. Wazee wengine waliokuwa waendeshaji wakamfuata, wakavua kofia.

Gari la maiti likapita taratibu, likapinda kona, likapotea.

"Limeshapita, shemeji."

"Nimeliona," Odessa alisema, asisogee hata hatua.