Nyumba ya Kabari

Radjabu alisema maneno yale mbele za watu, na ndiyo maana hayakupotea. Ilikuwa Ijumaa baada ya swala, wanaume wamejikalia mbele ya ghala lake la mawese mjini Rumonge, naye dada yake Biasha amekuja kumkumbusha, kwa mara nyingine tena, habari ya michikichi ya Minago. Kipande kile cha shamba baba yao alimwachia Biasha, na hapakuwa na mtu pale asiyelijua hilo. Lakini waliokuwa wakipanda juu ya michikichi na kukata mikungu walikuwa watu wa Radjabu, na mawese yaliingia kwenye madumu ya Radjabu.

"Asiyekuwapo na lake halipo, dada," alisema huku akijichokoa meno. "Kule hauna hata kibanda. Siku utaleta nyumba Minago, mimi naondosha watu wangu na sisemi kitu. Hawa wote iko mashahidi."

Watu walicheka. Tahira, binti wa Biasha, alikuwa amesimama nyuma ya mama yake na hakuona cha kuchekesha. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, na siku ile zilimpanda mpaka masikio yakamwasha. Kumwambia mama yake alete nyumba ilikuwa kumtonesha kidonda. Nyumba ya Biasha ya matofali, aliyoachiwa na marehemu mumewe, ililiwa na ziwa mwaka ule maji ya Tanganyika yalipopanda na kusahau kurudi. Kilichobaki ni kiwanja chembamba ufukweni, na ngazi za saruji zinazopanda kwenda kusikokuwa na mlango.

Tusimwonee Radjabu, dawa alikuwa nayo. Nyumbani kwake kulikuwa na chumba cha uani, jirani na jiko, na Biasha alikaribishwa ahamie hata kesho. Biasha alikijua chumba kile. Shangazi yao mmoja aliingia humo kama ndugu, akatoka kama mpishi, na alitoka siku ya kuzikwa.

"Sitaenda," alimwambia Tahira njiani. "Afazali nilale mu mtumbwi."

"Hautalala mu mtumbwi, mama. Mimi nitakujengea."

"Na nini? Na ile panya yako?"

Panya ndilo jina ambalo mji ulikuwa umeipa mashine ya Tahira. Alijifunza kuchora majengo Bujumbura, kisha akakaa kwenye karakana moja ya huko mpaka akajua kukata mbao kwa kompyuta. Aliporudi Rumonge alikuja na vyuma, nyaya na mota, akaviunganisha ndani ya ghala bovu la zamani. Fundi wa kawaida huanza na ubao. Tahira alianza na kioo cha kompyuta: alichora kila kipande, na ulimi wake, na tundu la kuingilia ulimi wa mwenzake. Kisha kekee ya mashine ilitembea peke yake juu ya ubao mwembamba wa tripleksi, ikitafuna kwa kelele na kutema unga wa mbao, na kipande kilichotoka kiliingiana na mwenzake bila msumari wala gundi. Umeme ukikatika katikati, Panya alisahau alipofikia na ubao wote ukawa kuni. Umeme wa Rumonge ulikatika ulivyotaka, na Tahira akajifunza kutukana kwa lugha tatu.

Mchoro wa kwanza Biasha aliukataa. Aliutazama kwenye kompyuta kama anayekagua samaki wa jana.

"Hii ni sanduku. Mugeni akikaa hapa, ananiona mimi niko napika. Iko heshima gani hiyo?"

"Nitaweka ukuta."

"Ukiweka ukuta, upepo ya ziwa itapita wapi?"

Tahira alifunga kompyuta kwa kishindo, akatoka nje kununa. Aliporudi alimkuta mama yake anasuka mkeka, na miale ya jua inapita kwenye ukili na kuangukia sakafu. Alichutama, akaupiga picha mkeka ule. Ukuta wa ndani aliouchora baada ya hapo ulikuwa na matundu yaliyofuata nakshi ya mkeka wa Biasha, jicho kwa jicho. Upepo ungepita, aliye ndani angemwona mgeni, na mgeni angeona nakshi tu. Rafu za vyombo zilikatwa kwenye mbao zilezile, na kitanda kilikunjwa kikawa kochi la wageni. Nyumba nzima ilisimama juu ya miguu mifupi ya mkaratusi, na kilichoishika pamoja ni kabari: vipande vya mbao ngumu vinavyogongwa penye tundu la kila kiungo. Ukitaka kuifungua, unazigonga kutoka upande wa pili. Maji yakipanda, alisema Tahira, unaing'oa nyumba na kuirudisha nyuma.

Biasha aliutazama mchoro ule muda mrefu. Hakusema kwamba ni mzuri. Aliuliza rangi.

Waliisimamisha kwenye kile kiwanja cha ufukweni, wakati wa mwezi mkubwa. Mwambao wote ule, kutoka Magara mpaka Rumonge, mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawaendi majini, kwa sababu ndagala, dagaa wa ziwa lile, haifuati taa wakati anga lote ni taa. Siku hizo wanaume hushona nyavu, huziba mitumbwi na kugombana na wake zao. Athumani, nahodha wa kundi kubwa pale ufukweni, alikuja na watu wake kwa urafiki wa marehemu baba yake Tahira. Kwa siku chache kuta zilipanda, sakafu ikalala, bati likafunika, na watoto wa shule wakawa wanachelewa kurudi kwao.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibiwa na wema. Tahira alikuwa ameenda ghalani kukata kabari za mwisho. Aliporudi alikuta wavuvi wote wamechutama kando ya kuta, mikono myeusi, wanacheka na kuimba. Kila penye kiungo walikuwa wamesindilia pamba iliyochovywa lami. Waliitia nyumba kalafati, tangu kona mpaka kona, kama walivyozoea kufanya kwenye mtumbwi.

"Tumekuzibia, mwanangu," Athumani alisema kwa fahari. "Hata tone moja haliingii."

Aliyoyasema Tahira hayakuwa ya kumwambia mtu wa rika la baba yake. Lami ikikauka, nyumba isingefunguka tena mpaka ivunjwe. Ingekuwa ya matofali nyingine, ya kusubiri kuliwa na ziwa.

"Mimi nimeona maji inaua," Athumani alijibu kwa sauti ya chini. "Penye tundu unaziba. Hiyo ndiyo tunajua."

"Baba Athumani, munisamehe. Lakini hii siyo mtumbwi. Mtumbwi inapigana na maji. Hii inayakimbia."

Athumani alitafuna maneno hayo kama mtu anayetafuta mwiba. Kisha akawaambia watu wake watoe vile vyuma vyao vyembamba, na wote, Tahira miongoni mwao, wakaanza kuchokoa lami tundu kwa tundu kabla haijashika. Biasha aliwapikia bugali na ndagala, akisonya kila alipopita. Ukuta mmoja, ule wa upande wa ziwa, ulibaki na madoa meusi yasiyotoka, na Tahira akauchukia tangu siku hiyo.

Radjabu alikuja kuiona nyumba ikiwa imekwisha. Aligonga ukuta kwa kiungo cha kidole, akachungulia kwenye matundu ya nakshi.

"Mwipwa wangu, umesoma kweli," alisema. "Lakini nyumba bila simenti iko kama mutu bila mifupa. Mvua ije, tutaona."

"Ije, mujomba," Tahira alimjibu.

Mvua ilikuja. Ilinyesha milimani, mito ikabeba udongo mwekundu mpaka ziwani, na ziwa likaanza tena kupanda. Maji yalipita chini ya sakafu na nyumba ikakaa, Biasha ndani, anakunywa chai. Kisha mawimbi yakaanza kuchimba mchanga kwenye miguu ya mbele. Nyuma ya kiwanja, pale Tahira alipopanga kuirudisha nyumba, mgeni mmoja kutoka Bujumbura alikuwa ameshapandisha ukuta wa mawe na kuongeza hatua kadhaa zisizokuwa zake. Tahira alizunguka nyumba gauni limeloa mpaka magotini, akitafuta pa kuipeleka, na hapakuwa na mahali. Alihesabu kila kitu kwenye ile kompyuta isipokuwa jirani. Machozi yalimtoka, ya hasira kuliko ya huzuni.

Asubuhi hiyohiyo Radjabu alifika na kamioneti yake ya kubebea mawese. Alikuwa na uso wa mtu anayejizuia kutabasamu msibani.

"Amahoro, dada. Nilisema, sikusema? Kusanya vyombo. Nimekuja kukuhamisha."

Biasha alisimama mlangoni, mkeka umekunjwa kwapani. Alimtazama kaka yake, akaitazama kamioneti, urefu wake na upana wake.

"Umekuja kunihamisha," alisema. "Murakoze sana, kaka. Tahira, leta nyundo."

Tahira hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alikimbia. Athumani na watu wake walikuwa karibu, wanavuta mitumbwi mbali na mawimbi, nao hawakuhitaji kuitwa mara mbili. Kabari ziligongwa zikaruka majini, watoto wakaziokota. Bati likashuka, kuta zikafuata. Ukuta wa upande wa ziwa uligoma, kwa sababu ya lami iliyobaki, na Athumani mwenyewe akauegemeza bega na kuusukuma, akiomba radhi kwa kila pigo, mpaka ukaachia. Ukuta wa nakshi ulipakiwa mwisho, umefungwa kwa mablanketi.

Radjabu aliacha wapakie. Mbao ni mbao, alifikiri labda, na uani kwake kulihitaji banda la kuku. Biasha akapanda mbele, akakaa kando yake, akaweka mkeka mapajani. Tahira alikaa nyuma juu ya kuta zake. Walipofika barabara kubwa, Radjabu akataka kukata kuelekea kwake.

"Hapana," Biasha alisema. "Tunaenda Minago."

"Minago kufanya nini?"

"Ulisema nilete nyumba. Nimeileta. Iko nyuma hapo."

Kamioneti ilisimama katikati ya barabara. Nyuma yake zilisimama pikipiki, kila moja na wavuvi wawili watatu, na baiskeli zinawafuata. Athumani alisogea mpaka dirishani kwa dereva. Alikuwa mmoja wa waliocheka siku ile ya Ijumaa, na kwa muda sasa kicheko kile kilikuwa kinamkera.

"Alhaji," alisema kwa adabu zote, "tulikuwako. Ulituita mashahidi wewe mwenyewe."

Nyuma honi zilianza kulia, na mama mmoja muuza mihogo kando ya barabara akauliza kwa sauti kuna nini, akaelezwa kwa sauti kubwa zaidi. Mtu aliyefika Makka hawezi kuonekana anakula maneno yake mbele ya muuza mihogo. Radjabu alishika gia, akaelekeza kamioneti Minago.

Kule michikichini watu wake walikuwa juu, miguu imekumbatia mashina, mapanga yanalia. Tahira alichagua mahali penye mwinuko, ambapo ziwa linaonekana lakini halifiki. Miguu ya mkaratusi ikasimamishwa, sakafu ikalazwa, akaanza kugonga kabari moja baada ya nyingine, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na kila pigo lilimpa raha ambayo hakuona haya kuionyesha. Mmoja wa wakataji akauliza kutoka juu kama waache kazi au waendelee. Radjabu aliinama kukagua tairi za kamioneti yake.

Biasha alivua viatu. Alipanda kwenye sakafu isiyokuwa bado na kuta, akatandika mkeka wake katikati, akaketi na kumtazama kaka yake.

"Nipo," alisema. "Sasa ambia watu wako washuke."