Mtahiniwa wa Tano

Shule yetu ya Coolamara ina wanafunzi tisa, na mwaka ule wanne tu ndio walikuwa katika madarasa ya mtihani, la tatu na la tano. Wanne ni balaa. Serikali haitangazi matokeo ya shule yenye watahiniwa chini ya watano, eti watu wasije wakajua alama mbaya ni za mtoto wa nani. Kwa hiyo mahali pa alama zetu palikuwa na kistari tu. Miaka mitatu, kistari! Mwishowe ofisi ya elimu ikaandika barua: mwaka huu tena bila matokeo, shule inafungwa Desemba, watoto wapande basi kilomita tisini kwenda na tisini kurudi.

Basi hapo ndipo Mungu akatuletea Shayla. Baba yake, Wade, ni mnyoaji wa kondoo, na alikuja na wenzake sita kunyoa kondoo wa mume wangu, Darcy. Ni kazi ya wiki tatu hivi. Mtoto akaandikishwa darasa la tano, na mimi, msaidizi wa mwalimu, mfuta makamasi na mpiga kengele, nikahesabu vichwa mara mbili. Watano! Nilitaka kuruka uzio.

Kisha nikamsikia akisoma. Anadonoa neno moja moja kama kuku. Shule kumi na moja ameshapita, na hajawahi kufanya mtihani hata mmoja. Kila ukikaribia, baba yake anamaliza kondoo, wanahama.

"Huyu atatuvuta chini," nikamnong'oneza Mwalimu Philippa. "Afadhali hata Tamsin wangu, wa darasa la tatu."

"Jodie, bila huyu hatupo hata hapo chini," akasema. "Na nikikusikia tena unasema hivyo, utafuta ubao mpaka Krismasi."

Nikanywea. Lakini binti yangu Tamsin ni kichwa, hilo nilishamwambia kila mtu, hata dereva wa lori la mafuta.

Mtihani ulikuwa Jumatano. Jumatatu jioni Darcy akaniambia, anatabasamu, kwamba vijana wamekaza kamba: Jumanne wanamaliza, Jumatano alfajiri wanaondoka. Nikamfuata Wade mbio, nikamwomba aniachie mtoto siku moja.

"Mama, nakuheshimu," akasema, "ila mwanangu halali kwa watu. Tuko wawili tu duniani."

Usiku mvua ikanyesha. Kulipokucha nilikuwa nacheza ngoma jikoni na kandambili zangu miguuni.

"Kondoo wangu wamelowa, wewe unacheza?" Darcy akafoka. "Na usithubutu kwenda bandani kufungua mdomo. Kura ni ya wanyoaji."

"Napeleka keki tu."

Kura yenyewe ni hivi. Mvua ikinyesha, kila mnyoaji ananyoa kondoo wawili, halafu anaandika kwenye karatasi: wamelowa, au wakavu. Manyoya mabichi huwatia wanyoaji maumivu ya viungo, kwa hiyo wakishinda wa "wamelowa," kazi inasimama siku nzima. Mwenye kondoo hana sauti hapo, na mkewe ndiyo kabisa.

Nikasimama na keki yangu. Barney, mnyoaji mzee kuliko wote, akanitazama.

"Mama keki, mbona unatetemeka?"

"Baridi."

"Baridi gani, na jasho hilo?"

Wakacheka. Shayla alikuwa mlangoni na begi mgongoni. "Baba," akasema, "ni kesho tu."

"Nenda shule," Wade akamjibu. "Nitaandika kile ilichoshika mikono yangu."

Hakwenda. Karatasi saba zikaingia kofiani, Barney akaanza kusoma. Kavu. Kavu. Wamelowa. Kavu. Wamelowa. Wamelowa. Tatu kwa tatu! Barney akaikunjua ya mwisho taratibu, mshenzi yule, akaigeuzageuza kama hajui kusoma.

"Wamelowa."

Nilipiga kelele mpaka keki ikanidondoka, mbwa wakaimaliza. Darcy akabwaga kofia chini. Shayla alikuwa ameshatoka mbio kuelekea shuleni. Wade mpaka leo hajasema aliandika nini.

Kesho yake waliketi watano. Shayla aliandika mpaka muda ukaisha, akaomba karatasi nyingine. Jioni kazi ikaisha, Alhamisi alfajiri wakaondoka.

Matokeo yalitoka Agosti. Ijumaa saa tisa alasiri tulijaa ukumbini sote, na mimi nilikuwa na bahasha ya Tamsin mfukoni tangu asubuhi. Niliiacha makusudi, niifungue mbele za watu.

Mwalimu Philippa alisoma sauti ikimkatika: "Watahiniwa watano. Asilimia themanini wamefikia kiwango. Shule inabaki!"

Ukumbi ukalipuka. Darcy, ambaye hata mimi hanibebi, alimbeba mwalimu juu juu. Nililia bila aibu.

Hapo ndipo Glenys wa posta aliposema, "Ingekuwa mia kwa mia, isingekuwa kale katoto ka mnyoaji." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Na mimi nikatikisa, huku nachana bahasha.

Nikasoma. Nikasoma tena. Mwalimu alikuwa anatazama sakafu.

"Mama, wameandika nini?" Tamsin akanivuta mkono. Nikampa. Akasoma mwenyewe kwa kidole, anadonoa neno moja moja, na mimi mama yake ndio kwanza namsikia akisoma hivyo. "Bado... hajafikia... kiwango." Akainua uso. "Mama, ile ishirini ni mimi?"

Ningeweza kukunja ile karatasi.

"Ndiyo, mwanangu. Tutasoma pamoja, kuanzia leo," nikasema kwa sauti ya kumfikia Glenys. "Ishirini ni wa kwangu! Shayla amefaulu!"

Nikampigia Wade papo hapo. Barua ya matokeo ya mwanawe ilikuwa bado inamtafuta barabarani. Nyuma yake mashine za kunyolea zilikuwa zinanguruma.

"Amefaulu, Wade. Bila yeye hatuna shule."

"Rudia, mama. Polepole."

Nikarudia. Nikamsikia akiwapigia wenzake kelele, na mashine zikazimwa moja baada ya nyingine, hadi nikasikia sauti ya mtoto ikiuliza, "Baba, kuna nini?"